Themometa ya kidijitali ya 12,000: nunua hii kabla ya wigi

Hii naandika kwa wenye mgonjwa anayekaribia kuanza kemo, zile dawa kali za kuua kansa, hasa wamama wa kansa ya mfuko wa mayai, maana hii kansa mara nyingi inajulikana ikiwa imeshasambaa. Mama yangu alitibiwa vidonda vya tumbo weee, tumbo linajaa watu wanasema mama umenawiri, kumbe ni maji, mpaka CT skani na kile kipimo cha damu cha CA-125 ndo tukaambiwa steji ya 3C, yaani imeshasambaa tumboni. Anatibiwa Ocean Road, hospitali ya kansa hapa Dar, mpango ni kemo mizunguko mitatu ili uvimbe upungue, afanyiwe oparesheni, alafu amalizie mitatu mingine. Dawa zenyewe ni mbili, kaboplatini na paklitakseli, dripu kila baada ya wiki tatu.

Sasa ukishatangaza kwamba mgonjwa anaanza kemo kila ndugu anakuja na lake, huyu wigi, huyu juisi ya rozela, huyu asali ya Tabora. Sisemi vibaya, paklitakseli inamwaga nywele karibu kwa kila mtu na vilemba laini vya pamba nilimnunulia mama mapema na anavipenda. Ila kitu nilichonunua kwa hela ndogo na ndo kimetusaidia kuliko vyote ni themometa ya kidijitali, ile ndogo ya kuweka chini ya ulimi, famasi ya mtaani shilingi 12,000.

Kwanini nasisitiza? Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, kwa wengi zinakuwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na hapo hata maambukizi madogo yanaweza kuondoka na mtu ndani ya masaa, na mara nyingi dalili pekee ni homa. Na sisi tulivyozoea sasa, unamgusa mtu paji la uso na kiganja, eeh mwili wa moto, mpe panadol, kesho akapime malaria. Kwa mtu wa kemo hapana jamani! Joto likifika nyuzi 38 za C ni hospitali muda huohuo hata kama ni saa nane usiku, na ukifika mapokezi sema mapema huyu yuko kwenye kemo, maana anatakiwa aanze antibayotiki ya mshipa haraka, ndani ya saa moja. Panadol usimpe kabla hujapima, inashusha joto unaona yuko sawa kumbe mwenzio anaungua ndani. Na akitetemeka kwa baridi nenda tu hata kama namba haijafika.

Matumizi ni rahisi. Unabonyeza, inaenda chini ya ulimi huku nyuma, anafunga mdomo, inalia bip ndani ya dakika moja. Kama ametoka kunywa chai subiri kama nusu saa. Kwapani inakubali ila inasoma chini kidogo. Njia ya haja kubwa mtu wa kemo hapimwi kabisa. Ile ya bastola ya kuelekeza usoni tulikuwa nayo toka enzi za korona, mama akiwa na jasho au amekaa na feni inatoa namba za ajabu, nikaiacha.

Baada ya dripu ya pili kuna usiku mama alisema amechoka tu, mkono ukimgusa wala hausikii joto la maana, shangazi ameshashika panadol na glasi ya maji mkononi, nikamwambia shangazi subiri kwanza nipime. 38.3. Nikarudia, 38.4. Tukampigia yule dereva bajaji ambaye tulishaongea nae kabla (namba ya dereva wa usiku muwe nayo kabla ya dripu ya kwanza), tukaenda, chembe nyeupe zilikuwa chini sana, akachomwa dawa na kulazwa. Alirudi nyumbani anaulizia ugali na dagaa, nililia.

Mapungufu yapo. Kioo hakina taa, usiku unamulika na simu. Mfuniko wa betri unafunguliwa na skrubu ndogo kama ya miwani, kwahiyo betri ikifa usiku umekwama, mi nimeongeza ya pili nyumba nzima inajua ilipo. Kwa hayo naipa nyota 4 kati ya 5.

Ukienda kununua mwambie muuzaji aiwashe hapohapo, baadhi zinakuja zinasoma kwa F, ukiona 98 ujue ndo hiyo, nyingi zinabadilika ukishikilia kitufe mpaka iandike C.