Chujio la inoksi kwa nyumba za Goma: kagua robine kabla ya kulipa

Kwa mtu wa Goma anayetaka maji ya kunywa yasilale kwenye plastiki, tunapendekeza chujio la inoksi (chuma cha pua) la ndoo mbili, moja juu ya nyingine, lenye mishumaa ya kauri, yaani vichujio vyenye umbo la mshumaa. Lile la chungu cha udongo ndani ya ndoo ya plastiki huchuja vizuri, ila maji yakishachujwa yanashinda humohumo kwenye plastiki. La inoksi nalo lina kasoro, na nyingi ziko mahali ambapo muuzaji wa mtaa wa Birere hakuonyeshi.

Mwambie afungue. Kila mshumaa una shina linalopita kwenye tundu la ndoo ya juu na kukazwa kwa nati. Shina hilo kwa kawaida ni la plastiki, lakini maji hupita tu, hayakai, kwa hiyo tunalivumilia. Robine (koki) ya plastiki hatuivumilii, kwa kuwa maji hulala ndani yake usiku kucha. Ibadilishe, ila si kila kinachong'aa kinafaa. Robine nyingi ni za shaba iliyopakwa kromu, na shaba hiyo inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Chungulia ndani penye nyuzi za kukazia: ukiona njano, irudishe. Ya inoksi ni ya kijivu nje na ndani. Likiwemo boya la plastiki, lile linalozuia ndoo ya chini kufurika, litoe. Bila boya, usijaze juu kabla ndoo ya chini haijaisha, la sivyo maji yatafurika pale ndoo zinapokutana.

Ndoo zenyewe zipime kwa sumaku, hata ile ya spika iliyokufa. Inoksi ya daraja la 304 hainasi, au hunasa kidogo kwenye mikunjo. Ikinasa kwa nguvu kila upande, ni ya daraja la chini na itawahi kushika kutu. Na hata iliyo bora usiioshe kwa javeli (maji ya klorini) kali, huitoboa vijishimo.

Nati zikazwe kwa vidole. Anayetumia koleo hupasua shina au kauri, kisha maji machafu yanapita pembeni bila kuchujwa na hakuna anayegundua. Pete ya silikoni ikae ndani ya ndoo, chini ya mshumaa. Jaza, inua ndoo ya juu, tazama kwa chini: mashina yadondoshe tone kwa tone. Moja likitiririka kuliko mengine, lifungue. Loweka mshumaa wake, uzamishe majini, puliza kwenye shina kwa mrija. Kauri iliyolowa haitoi povu. Mapovu yakitoka sehemu moja, pana ufa, na mshumaa huo ni wa kutupa. Kasi ikipungua, sugua kwa brashi laini na maji safi. Sabuni huziba vitundu.

Kauri nzuri ina vitundu vya chini ya mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wa kipindupindu wanakwama, na punje za plastiki zilizobanduka kwenye bidoni ya njano zinakwama pia, isipokuwa zile ndogo mno. Virusi hupita. Kwa maji ya Ziwa Kivu kutoka Kituku, chuja halafu chemsha: yakitokota dakika 1 yanatosha, ingawa kwenye mwinuko wa mita karibu 1,500 wa Goma hutokota yakiwa na nyuzi kama 95 tu. Yapoe kwenye sufuria ileile, kisha yaingie kwenye chupa za kioo. Kuyamimina ya moto kwenye bidoni ni kufuta kazi yote, maana plastiki huachia kemikali na punje zaidi inapopata joto.

Floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ni habari nyingine. Miamba ya volkano huiingiza kwenye maji ya eneo hili, kauri haiizuii, na kuchemsha huiongeza kidogo kwa sababu maji hupungua. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtambo wa osmosi, unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, huipunguza, lakini utando, mirija na makopo yake ni plastiki tupu, unahitaji presha ya kutosha, na humwaga maji mengi, jambo gumu kwa anayenunua kwa bidoni. Hata hivyo, kama vipimo vimepita kikomo na nyumbani kuna watoto wa chini ya miaka 8, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka, tungechagua osmosi pamoja na plastiki yake.