Sauti na picha zisipishane: kipi ununue kwanza ukirekodi shughuli Mtwara na Lindi

Korosho zikishauzwa, wapiga video wa Masasi, Newala na Ruangwa hawapumui. Lalamiko la mteja ni lilelile: midomo ya MC inatangulia, maneno yanafuata. Tumepanga vifaa kwa kuangalia kipi kinaondoa tatizo hilo kwa hela ndogo.

Namba moja ni rekoda ndogo kama Zoom H1n au Tascam DR-05X, ichomekwe kwenye miksa ya MC, yaani mashine ya kuchanganyia sauti. Kwenye mipangilio yake chagua faili la WAV (sauti isiyobanwa), 48 kHz. Nunua pamoja na waya wa kupunguza nguvu ya sauti, desibeli 20 hadi 25. Sauti ya miksa ikiingia ghafi kwenye tundu la maiki inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Maiki ya kamera usiizime, maana DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, inalinganisha mawimbi ya sauti hizo mbili na kuzipanga. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kamera ikiwa mita 14 kutoka kwenye spika, sauti inaifikia imechelewa kama milisekunde 40, yaani fremu moja (picha moja kati ya zile zinazounda video) ukirekodi fremu 25 kwa sekunde. Programu inaipanga sauti safi ya rekoda juu ya hiyo iliyochelewa, kwa hiyo isogeze sauti safi kushoto fremu moja ili iwahi. Mita 28, fremu mbili.

Rekoda na kamera kila moja ina saa yake, hivyo kwenye rekodi ndefu sauti huteleza. Piga kofi moja karibu na maiki ya MC, kamera ikiliona, mwanzoni na jingine mwishoni. La mwisho lisipokutana na picha, kata sauti penye ukimya usogeze vipande.

Namba mbili ni maiki zisizo na waya, mfano Rode Wireless GO II. Sauti inaingia kwenye kamera moja kwa moja. Kwa nikahi na mahojiano ni nzuri mno, ila umati ukikaa katikati mawimbi hukatika. Chagua zinazorekodi ndani yake pia.

Vifaa vya taimukodi, yaani vinavyoweka saa moja kwenye kamera na rekoda, mfano Tentacle Sync E au Deity TC-1, tumeviweka namba tatu. Ni vya uhakika, lakini kila kamera inataka chake. Ukiwa na kamera mbili, subiri.

Kurekodi video kwa simu ni ya mwisho: kasi ya fremu zake hupanda na kushuka. Video yake ipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili faili za video, uchague kasi isiyobadilika.

Ukiagiza H1n kutoka Kariakoo, agiza na kadi ya microSD ya GB 32, kubwa zaidi haikubali, na betri za AAA za akiba.