Miksa ya Yamaha MG10XU kwenye taarabu ya watu sita: uzoefu wangu wa misimu miwili

Katika taarabu ya Unguja, shairi likimgusa mtu haketi. Huinuka, akaenda mbele taratibu kwa mwendo wa ngoma, noti mkononi, akamtunze mwimbaji. Na mwimbaji naye, kwa adabu, hushuka hatua mbili tatu kumpokea. Hatua hizo ndizo zilizokuwa zikiniharibia usiku. Maiki iliyokuwa nyuma ya spika inakuja mbele yake, inaanza kuipokea sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha humo humo, na mluzi unapasua ukumbi mzima ilhali bibi harusi ndiyo kwanza amekaa. Nilipokabidhiwa mitambo ya kikundi chetu, dawa niliyoijua ilikuwa moja: kupunguza sauti yote. Mluzi ukanyamaza, na mwimbaji naye hakusikika tena.

Miksa hii, yaani kifaa cha kuchanganya sauti za maiki na vyombo kabla hazijafika kwenye spika, nimekaa nayo misimu miwili ya harusi. Nilinunua iliyotumika kutoka kwa fundi mitambo mwenzangu wa Dar es Salaam, ikavuka kwa boti ndani ya begi la nguo, kwani ina uzito wa kilo mbili na kidogo tu. Kikundi chetu ni watu sita: mwimbaji, ganuni (chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa magotini), udi, fidla, dumbak (ngoma ya mkono) na kinanda. Tunapiga Bububu, Kiembesamaki, mara nyingine Makunduchi, aghalabu ukumbini na mara chache uani chini ya turubai, mbele ya watu mia moja hadi mia mbili. Nayataja haya mapema kwa sababu aliye na bendi ya ngoma za kizungu, gitaa tatu na waitikiaji wanne hatafaidika na sifa nitakazozitoa.

Kwanza hiyo 10 ya kwenye jina. Wengi huisoma wakadhani wataweka maiki kumi. Matundu ya maiki ni manne, chaneli ya 1 hadi ya 4. Zinazofuata ni jozi za stereo, 5/6, 7/8 na 9/10, ambazo ni za kinanda, simu, au mashine yoyote inayotoa sauti iliyokwisha kupata nguvu. Kwa hiyo kabla ya kununua, hesabu maiki zako. Mimi namweka mwimbaji 1, fidla 2, ganuni 3, udi 4. Kinanda kinaingia 5/6. Kipokezi cha maiki isiyo na waya, ya mshereheshaji, nakiingiza 7/8, maana sauti yake inatoka na nguvu ya kutosha bila kupitia tundu la maiki. Simu ya kupigia nyimbo za mapumziko inakaa 9/10. Dumbak haina maiki. Katika ukumbi wa ukubwa ule inajitosheleza, na nikiifungulia maiki inameza udi wote.

Mwimbaji na fidla sikuwaweka 1 na 2 kwa kubahatisha. Chaneli hizo mbili ndizo zenye kompresa, yaani kifaa kinachobana sauti inapopanda ghafla, na inaendeshwa kwa nobu, yaani kifundo cha kuzungusha, moja tu. Mwimbaji wetu huanza beti kama anamnong'oneza mtu, kisha kwenye kiitikio anaachia koo lote. Nobu hiyo nikiizungusha robo, siku hizi sikimbilii tena kumshusha kila kiitikio. Nikiizidisha, sauti inakuwa bapa, haina pumzi, na pia mluzi unakaribia, kwa sababu kompresa ikibana vilele inainua na vile vidogo vilivyo chini. Robo inatosha.

Sasa geini, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopotea muda mrefu. Nobu ya juu kabisa katika chaneli ni geini, ya chini kabisa ni ya kiwango cha sauti. Zote mbili zinaongeza sauti, basi mimi nilikuwa nikizichukulia kama kitu kimoja. Geini niliiacha chini kwa woga, kisha nikaizungusha ile ya chini mpaka mwisho. Matokeo yake ni mshindo wa "shhh" usiokwisha, kama mvua ndogo juu ya makuti, na mwimbaji yuko mbali nyuma ya mvua hiyo.

Geini ndiyo inayochukua umeme mdogo mno wa maiki na kuupa nguvu ya kufanyiwa kazi. Ikiwa chini, vyote vinavyofuata vinakuza kelele za mashine pamoja na sauti. Ikiwa juu mno, sauti inapasuka pale pale mlangoni, na huwezi kuitengeneza tena huko mbele. Ninachofanya siku hizi: nobu za kiwango zote nazifunga, geini nazo chini. Namwomba mwimbaji aimbe kiitikio, na namwomba aimbe kweli, kama watu wamejaa, si ile "halo, halo, moja, mbili". Napandisha geini polepole mpaka taa nyekundu ya kilele imulike mara moja moja pale anapoachia koo, kisha naipunguza kidogo. Baada ya hapo tu ndipo nainua nobu ya kiwango, kishale chake kitazame juu, na kuanzia hapo geini siigusi mpaka tuondoke. Namwambia, "Shangazi, niimbie kama Ijumaa," na yeye ananielewa. Udi na ganuni ni hivyo hivyo, chombo kimoja kimoja, wengine wamenyamaza. Kazi hii inanichukua dakika ishirini, na ni lazima iishe kabla mpishi hajaanza kugawa biriani.

Nobu zote za sauti hapa ni za kuzungusha, hata ile kubwa ya kutolea, wala hakuna vitelezi vya kusukuma kwa kidole. Aliyezoea vitelezi ataona tabu, kwani kwa kutupa jicho hujui nani yuko wapi, hasa taa zikizimwa bibi harusi anapoingia. Nimekata vipande vya utepe mweupe nikabandika chini ya kila chaneli, nimeandika kwa kalamu nzito: SHANGAZI, FIDLA, GANUNI, UDI.

Kuhusu mluzi, miksa peke yake haikuuponya, ila imenipa nafasi ya kuuelewa. Maiki ya mwimbaji wetu ni Shure SM58, ambayo husikia zaidi mbele na ni kiziwi kwa nyuma. Uziwi huo una thamani ikiwa tu mgongo wa maiki ndio unaoitazama spika. Spika nimezisogeza mbele zaidi, hatua tatu nje ya mstari wa wapigaji, na nimezigeuza kidogo kuelekea pembe za ukumbi ili sehemu ya katikati, wanakosimama wanaotunza, isipigwe moja kwa moja. Shangazi nimemwomba asifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Akikifunika, zile tundu za pembeni zinazoifanya iwe kiziwi kwa nyuma zinazibwa, na maiki inaanza kusikia kila upande. Hilo lilimshangaza, maana alidhani anaizuia kelele. Na chaneli ambayo haitumiki naifunga. Kila unapoongeza maiki zilizo wazi mara mbili, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi, kwa hiyo udi ukipumzika, na maiki yake inapumzika.

Kwenye chaneli za maiki kuna nobu tatu za kurekebisha sauti, nyembamba, ya kati na besi, na kuna kitufe cha kukata mivumo ya chini ya hezi 80. Kitufe hicho nakibonyeza kwa mwimbaji, fidla na ganuni bila kufikiri mara mbili, kwa sababu chini ya hapo hawana chochote isipokuwa miguu ya watu juu ya jukwaa la mbao na upepo wa pangaboi. Kwa udi nakiacha wazi. Nobu za kati na nyembamba nilikuwa nazipandisha ili "maneno yasikike", kumbe ndipo mluzi ulipokuwa unaamkia. Siku hizi nikitaka maneno yasikike napunguza besi. Mtu akiikaribia maiki sana besi yake inavimba yenyewe, na Shangazi huiweka midomoni kabisa.

Ganuni ilinisumbua kuliko vyombo vyote. Ina nyuzi zaidi ya sabini na mzee wetu huzigusa kwa upole. Nilianza kwa kuiwekea maiki karibu na vidole vyake, nikapata mkwaruzo wa kucha na muziki kidogo. Sauti yenyewe inazaliwa upande wa ngozi, chini ya daraja linalobeba nyuzi. Nikaiweka maiki juu ya ngozi, umbali wa shubiri moja na nusu hivi, nikaielekeza chini kwa mshazari, na hapo nikaisikia ganuni kama ninavyoisikia nikiketi miguuni pake. Udi nao usiuwekee maiki mbele ya tundu kubwa, utakupa "buu, buu" tupu. Elekeza kati ya tundu na daraja.

Maiki ya ganuni ni ya kondensa, haifanyi kazi bila volti 48 kutoka kwenye miksa. Kitufe cha volti hizo ni kimoja kwa chaneli zote nne. SM58 haidhuriki nazo, mradi waya ni wa XLR, ule wa pini tatu, na mzima. Lakini mara ya kwanza nilikibonyeza huku spika ziko wazi, ukatoka mpasuko uliowaamsha watoto waliolala mikekani. Utaratibu wangu tangu siku hiyo: volti kwanza, nasubiri kidogo, kisha spika. Wakati wa kufunga, spika zinazimwa mwanzo, miksa mwisho.

Umeme unastahili neno. Miksa hii inatumia adapta ya nje, kwa hiyo adapta ikisahauliwa Bububu hakuna kazi Makunduchi. Yangu nimeifunga kwa kamba kwenye begi lile lile. Ukumbi mmoja nilipata mvumo mzito tangu nilipowasha, nikabadilisha waya zote nikidhani zimeoza, kumbe spika zilikuwa zinakula umeme wa ukuta mmoja na kompyuta ya kurekodia, iliyoungwa na miksa, wa ukuta mwingine. Nilipovichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ukakatika. Wapo wanaonyofoa waya wa ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Tafadhali usifanye hivyo, mwimbaji anashika chuma mkononi na midomo yake imegusa wavu wa maiki. Tukitumia jenereta natanguliza stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Kutoka kwenye miksa hadi spika natumia matundu ya XLR, si ya jeki za kawaida. Waya wangu una mita ishirini, na XLR inabeba sauti ile ile mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, ili kelele zilizoingia njiani zifutane mwishoni.

Kurekodi ni rahisi: waya wa USB kwenda kwenye kompyuta, na unapata mchanganyiko mzima wa stereo. Huwezi kupata kila chombo peke yake ukakitengeneza nyumbani. Kompyuta ya Windows inahitaji programu ya Yamaha ya kuitambua, ipakue kabla hujatoka nyumbani.

Nimeacha eko mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikaribie kuiuza miksa hii. Ndani mna aina 24 za eko na mapambo mengine, orodha yake imechapishwa juu ya miksa yenyewe. Kwa taarabu nachagua ile ya ukumbi, kidogo tu, na mshereheshaji akishika maiki ninaizima, kwani majina ya wazee wa pande mbili yakiingia kwenye mwangwi hakuna anayeyasikia. Tatizo ni kwamba kila chaneli ina njia moja tu ya kupeleka sauti pembeni, na njia hiyo hiyo ndiyo inayolisha eko na ndiyo inayotoka kwenye tundu la FX SEND unalolihitaji kwa spika ndogo ya mwimbaji kujisikia. Kwa Shangazi peke yake hakuna shida: ninachompelekea kinakwenda kwenye eko ya ukumbini na kwenye spika ya miguuni pake kwa pamoja, navyo vyote ni vyake. Ila yeye hujipima kwa ganuni. Bila kuisikia, beti ya tatu anaanza kuteleza nje ya maqamu, yaani ngazi ya sauti ya wimbo. Nikimpelekea ganuni, na ganuni inaingia kwenye eko, na zile nyuzi sabini ndani ya mwangwi zinakuwa uji.

Nilihangaika na jambo hili majuma kadhaa. Nilizima eko kabisa, harusi ikawa kavu. Nikaazima miksa nyingine yenye njia mbili, nzito, haikuingia kwenye daladala. Ni mzee wa ganuni aliyeniona siku moja nikizungusha nobu huku na huku kabla ya watu kuingia, akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini?" Nikamweleza. Hakunijibu. Alibeba kiti chake, akakiweka mkono wa kushoto wa Shangazi, karibu kiasi cha mtu kumgusa bega mwenziwe, akaweka ganuni magotini, akapiga sauti ya kwanza. Shangazi akageuka, akaitikia kwa kutikisa kichwa. Nikaifunga ganuni kwenye njia ya eko, na haijafunguliwa tena.