Mkono wa tela unagonga: yubolti ya kubana au pini ya bolti?

Karibuni wadau. Leo mezani tuna vifaa viwili vinavyouzwa kwa kazi moja: kunyamazisha ule mlio wa ko-ko-ko nyuma ya pikapu kila ukipita tuta. Ninazungumzia magari yenye bomba la mraba chini ya bampa ya nyuma, lile unalochomeka mkono wenye boli, yaani tufe la chuma la kuvutia tela, kisha unapitisha pini ubavuni. Kama gari lako lina bamba lililochomelewa, na boli imefungwa juu yake kwa nati, vifaa hivi havikuhusu. Wewe kaza nati ya boli, basi.

Mkono lazima uwe mwembamba kidogo kuliko bomba, la sivyo hauingii. Bomba lililozoeleka kwenye pikapu lina uwazi wa inchi 2, yaani milimita 50.8, na nafasi ndogo inayobaki pembeni ya mkono ndiyo inayogonga. Pini yake ni ya inchi 5/8, karibu milimita 16, nayo pia imeachiwa nafasi kwenye tundu. Kwa hiyo mkono unacheza juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ukiwa na bomba la inchi 2½ na umeingiza kipunguzi ili utumie mkono wa inchi 2, umeongeza nafasi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kabla hujaenda madukani Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta kifaa, jua kwanza kinachogonga ni nini. Fungua tela, shika mkono kwa nguvu, uutikise pande zote huku kidole kimoja kikiwa kwenye mdomo wa bomba, nusu juu ya bomba na nusu juu ya mkono. Utahisi mkono unahama kwenda wapi. Ukikuta umetulia, tatizo liko kwenye boli na kikombe cha tela. Soma ukubwa uliogongwa juu ya boli. Kuna boli za milimita 50 na kuna za inchi 2, na kwa macho hutazitofautisha. Kikombe cha inchi 2 juu ya boli ya milimita 50 kitacheza tu, hata ufunge vifaa vyote hivi viwili.

Kagua na pini. Mitaani watu wanachomeka kipande cha nondo ya milimita 12 kwenye tundu la 16, halafu wanalalamika gari linapiga kelele. Hapo dawa ni pini halisi, na ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la kelele. Angalia tundu lenyewe pia: likiwa limetanuka, refu mbele na nyuma kuliko juu na chini, chuma kimekwisha. Badilisha mkono au bomba. Kubana hakurudishi chuma kilicholika.

Haya, yubolti. Ni bamba nene la chuma lenye matundu mawili, na yubolti yake, yaani bolti iliyopindwa umbo la U, yenye nati na spring washa. Unapitisha yubolti juu ya mkono, karibu kabisa na mdomo wa bomba. Bamba linakaa chini, upande mmoja ukiwa chini ya mdomo wa bomba, mwingine chini ya mkono. Ukikaza, yubolti inavuta mkono chini, bamba linasukuma bomba juu, na ile nafasi inafungwa. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Ukimaliza moja kwanza, bamba linalala upande na litalegea njiani. Na usikaze mpaka bamba lipinde. Likishapinda halibani tena sawasawa. Minyororo ya usalama na waya wa taa za tela visibanwe humo.

Kasoro yake ni nafasi. Mkono ukianza kupinda kwenda chini mara tu unapotoka kwenye bomba, yubolti haina pa kukaa. Pima sehemu iliyonyooka kwa rula, uende na kipimo dukani. Kingine, inatuliza kucheza juu na chini vizuri sana, lakini tela zito litaendelea kugonga mbele na nyuma unapofunga breki, kwa sababu hapo anayezuia ni pini.

Pini ya bolti inafanya kazi tofauti. Ina nyuzi, na nati yake inaingizwa ndani ya mkono. Unaipitisha kutoka nje, unaikaza, mkono unavutwa mpaka unalalia ukuta mmoja wa bomba. Kwa kibebeo cha baiskeli kinachochomekwa kwenye bomba hilohilo ndiyo ningechagua, maana kibebeo ni kirefu na mtikisiko mdogo kwenye bomba unakuwa mkubwa kule mwisho. Lakini mkono uwe na uwazi ndani. Ukiwa chuma kizima, nati haina pa kuingia. Na soma pakiti: baadhi ya pini hizi zimeruhusiwa kwa vibebeo tu, si kuvuta tela. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, usikubali.

Kwa anayevuta tela, uamuzi wangu ni yubolti pamoja na pini ya kawaida yenye kipimo sahihi. Yubolti haibebi tela. Pini na klipu yake zinabaki pale pale. Ukitoka Ubungo na kifaa kipya, simama Kibaha ukague nati, kwa sababu rangi iliyobanwa katikati inasagika na kuacha nafasi.

Kuna wanaomaliza kelele kwa kuchomelea mkono kwenye bomba. Naomba msifanye hivyo. Joto linabadilisha chuma ambacho kilipimwa kibebe uzito fulani, na siku mkono ukipinda hutauchomoa.

Wenye tela za boti, za Msasani na Kunduchi, nyinyi chumvi itawamaliza mapema. Zinki ya yubolti inatoka unga mweupe kwanza, kisha kutu nyekundu, kisha nati inahitaji grainda. Kila ukitoka baharini suuza kwa maji baridi ya bomba, pakaa grisi kidogo kwenye nyuzi, na ulegeze nati mara moja kwa mwezi kisha uikaze tena. Ndani ya bomba paka grisi nyembamba sana. Ikiwa nyingi inashika mchanga, na mchanga unasaga mkono.