Banda la basketi Ipagala: nendeni, ila kadi ya wanawake 2026 msilipe yote kwa mkupuo

Wadau wa Dodoma mnaopenda basketi, kila siku naona mtu anauliza ni wapi hapa mjini wanaonyesha mechi za Marekani, na swali lina maana kwa sababu mabanda karibu yote ukiingia ni Simba na Yanga au ligi ya Uingereza, ukiomba basketi unaambiwa subiri mpira uishe, na mpira hauishi. Basi jibu langu ni moja: nendeni Ipagala. Kuna banda pale halina hata bango, ukishuka kwenye bodaboda uliza tu banda la basketi utaonyeshwa. Mimi naliita banda bora la kuangalia basketi Dodoma na sipepesi macho kwa hilo, ila kuna jambo la hela za kadi ya mwakani lazima tuongee vizuri maana linatokana na mgogoro mkubwa ambao, ninapoandika haya Desemba 2025, unaendelea kwenye ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, na wengi naona hawajaushika vizuri.

Kwanza sehemu yenyewe. Projekta inapiga kwenye ukuta uliosakafiwa ukapakwa rangi nyeupe, sio shuka la kupepea na upepo, kwa hiyo hata ukikaa nyuma kabisa pointi unazisoma na zile sekunde za kurusha unaziona. Umeme ukikatika kuna inveta na betri, picha inarudi kabla watu hawajamaliza kuguna. Intaneti ni ya faiba, inakwama mara chache sana. Kiingilio ni buku, na usiku wa mechi za mbali Anko (mwenye banda, wote tunamwita hivyo) anakaanga karanga zake mwenyewe kwenye mchanga, za moto, anafunga kwenye karatasi. Mechi nyingi zinaanza kuanzia saa nane usiku kwa saa za kwetu, zikiisha ni alfajiri, na hapo sufuria la supu ya mbuzi linakuwa limeshachemka, chapati zinatoka jikoni, yani unaangalia, unakunywa supu, unaenda kazini. Walioko Mtumba maofisini nawaona kabisa wanapanda daladala za asubuhi macho mekundu ila wameridhika.

Kilichonifanya niandike hata hivyo sio supu. Ni kwamba hapa mechi za wanawake zinapewa heshima. Sehemu nyingine ukitaja WNBA unachekwa, hapa Anko ana ubao mweusi mlangoni ameugawa mara mbili kwa chaki, kushoto NBA, yani ligi ya wanaume, kulia WNBA, na msimu wa 2025 upande wa kulia ulikuwa unajaa kila wiki. Fainali ya Oktoba, Las Vegas Aces walipowafagia Phoenix Mercury 4-0, mabinti wa chuo na wa sekondari walikuja na makoti yao na mashuka, wengine na kaka zao wa kuwasindikiza, wakajaza viti vya mbele. Kuna binti mmoja alikuwa anasimama kila A'ja Wilson, nyota wa Aces, akipokea mpira mgongo kwa goli, anaigiza mguu wa kuzungukia palepale kwenye vumbi la sakafu, kushoto, kulia, anakaa, halafu anasimama tena. Hao ndo watu ambao huu mgogoro utawagusa na ndo maana naujali.

Sasa ubao ule ukiuangalia leo, kushoto ratiba za NBA zimejaa, kulia pameandikwa 2026 na chini yake hakuna kitu. Na Anko alikuwa ameshaanza kuuza kadi ya msimu wa wanawake, elfu thelathini, unalipa sasa hivi unaingia mpaka fainali. Nikamuuliza, "Anko, shikamoo. Hivi hii kadi, wakifunga milango kule itakuwaje?" Akaitika marahaba, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nalipia mtandao na kifurushi kabla, nikisubiri mpaka Mei msimu ukianza sina hela ya kulipia." Na ni kweli, sio kwamba anataka kumwibia mtu, ila hela ya mwananchi nayo ni hela.

Mambo yako hivi. Ligi na chama cha wachezaji wana mkataba wa pamoja unaopanga mishahara, usafiri, kila kitu. Wachezaji waliamua Oktoba 2024 kuuvunja mapema, ukaisha rasmi 31 Oktoba 2025, wakauongeza mpaka 30 Novemba, wakauongeza tena mpaka 9 Januari 2026. Juzi hapa Desemba 2025 wachezaji wamepiga kura na asilimia 98 ya kura zikasema viongozi wao wakiona inabidi, waitishe mgomo. Hiyo haina maana mgomo umeanza, ina maana bunduki ipo mezani. Upande wa pili wenye timu nao wana yao, inaitwa lokauti, hapo sio mchezaji anayegoma, ni mwajiri anayefunga geti, hakuna mazoezi, hakuna mshahara, hata daktari wa timu haruhusiwi kumgusa mchezaji. Kwa shabiki wa Ipagala matokeo ni yaleyale, ukuta mweupe usiku hauna kitu.

Ugomvi ni hela, na hapa naomba tusiwe wepesi wa kusema hao mabinti wameshiba. Caitlin Clark, nyota wa timu ya Indiana, aliingia ligi 2024 kwa mshahara wa dola 76,535 kwa mwaka, kwetu huku ni kama milioni 190, utasema nyingi. Lakini mshahara wa juu kabisa wa ligi nzima 2025 ulikuwa dola 249,244, wakati Stephen Curry wa NBA peke yake msimu wa 2025-26 anachukua zaidi ya dola milioni 59. Na hata hapo wachezaji hawaombi walipwe kama Curry, ligi ya wanaume inaingiza hela nyingi zaidi na wanalijua hilo. Wanachosema ni kwamba wanaume wanagawana na wenye timu karibu nusu kwa nusu ya mapato, sisi tupeni sehemu yetu ya mapato ya kwetu. Ligi imesaini mkataba wa televisheni wa miaka 11 wenye thamani ya karibu dola bilioni 2.2, timu mpya za Cleveland, Detroit na Philadelphia zinaingia kwa ada ya dola milioni 250 kila moja, uwanja wa Indiana unajaa, halafu mishahara inapanda kidogo kidogo tu. Ndo maana kwenye mechi ya nyota Julai 2025 pale Indianapolis wakavaa fulana za kudai walipwe wanachodai, na uwanja mzima ukaimba nao wakati kamishna Cathy Engelbert anakabidhi kombe.

Ligi nayo imepanda dau, ofa zilizotajwa kwenye habari mishahara ya juu inavuka dola milioni 1, kwa hiyo wengine wanasema sasa wanataka nini tena. Tatizo liko kwenye hesabu ya mgao. Wenye timu wanataka kugawa kinachobaki baada ya gharama kutolewa, wachezaji wanataka mgao wa mapato kabla gharama hazijaguswa. Mtu wa Dodoma hili halihitaji kufundishwa, ni mkulima wa zabibu wa Hombolo kuambiwa atalipwa baada ya kiwanda kutoa gharama zake za chupa, magari na matangazo, na daftari la gharama analiandika kiwanda mwenyewe. Ungekubali? Mimi niko upande wa wachezaji na nalisema wazi.

Kwa timu athari imeshaanza, haijasubiri Mei. Mwaka 2026 Toronto Tempo na Portland Fire wanaingia kama timu mpya, wana makocha, wana rangi, wana nembo, hawana mchezaji hata mmoja kwa sababu wanatakiwa kuchagua wachezaji kutoka timu nyingine na bila mkataba mpya zoezi hilo haliwezi kufanyika. Na zile za zamani nazo karibu wachezaji wote wakongwe walipanga mikataba yao iishe 2025 makusudi, ili hela mpya ikija waikute, kwa hiyo sasa hivi zaidi ya wachezaji mia moja hawana timu. Bingwa mtetezi hajui nani atabaki. Kuna kijana anauza jezi za mtumba soko la Sabasaba, namfahamu, anasema wateja wanashika jezi wanairudisha kwenye kamba, nani anunue jina la mtu ambaye kesho anaweza kuwa timu nyingine. Umeona, ugomvi uko New York, kamba ya jezi iko Sabasaba.

Na wasiojua historia wanadhani hizi ni kelele tu, watamalizana. WNBA kweli haijawahi kupoteza mechi kwa mgogoro wa mkataba, ila kaka zao wa NBA wameshapoteza mara mbili. Msimu wa 1998-99 wenye timu walifunga milango kuanzia Julai mpaka Januari, msimu ukaanza Februari na mechi 50 badala ya 82, mechi ya nyota ikafutwa kabisa, New York Knicks waliomaliza wa nane upande wa mashariki wakafika fainali, San Antonio Spurs wakabeba. Mashabiki wengi walinuna wakarudi viwanjani taratibu sana. Halafu 2011 milango ikafungwa tena, siku 161. Wachezaji walikuwa wanachukua asilimia 57 ya mapato wakashushwa mpaka karibu nusu. Timu ya Denver walipata kipigo cha aina yake, wachezaji wao watatu, J.R. Smith, Kenyon Martin na Wilson Chandler, walienda China kutafuta riziki na ligi ya kule ikawawekea sharti kwamba huondoki mpaka msimu wako uishe. Lokauti ikaisha, wenzao wanacheza, wao wamekwama. Chandler alirudi Denver Machi, wale wengine wawili wakasaini timu nyingine. Sisi Watanzania tulikuwa na mtu wetu mle ndani, Hasheem Thabeet, mchezaji wa pili kuchaguliwa na timu za NBA kati ya chipukizi wa mwaka 2009, alikuwa Houston Rockets wakati huo. Kijana anahitaji dakika za kujijenga, anaambiwa kaa nyumbani miezi mitano, halafu msimu unarudi na mechi 66 zimebanana, timu zinacheza mpaka siku tatu mfululizo, kocha ana muda gani wa kumlea mtu? Sisemi ndo kilichomwangusha, nasema haikumsaidia hata kidogo, na iliniuma.

Tofauti ya safari hii ni kwamba mabinti wana pa kushikilia. Wachezaji wa WNBA Napheesa Collier na Breanna Stewart walianzisha ligi yao ya watatu kwa watatu, Unrivaled, kule Miami, inaanza tena Januari 2026, kwa hiyo wengi wao wataendelea kula mezani hata mazungumzo yakirefuka. Ni silaha nzuri kwao. Kwa shabiki ina maana wanaweza kuvumilia muda mrefu, jipangeni.

Turudi kwenye banda. Baada ya watu kadhaa kumkalisha Anko chini, kwa heshima tu, amebadilisha utaratibu. Kadi ya wanawake 2026 sasa unatanguliza elfu kumi, anakuandika kwenye daftari na wewe unasaini, ishirini unamalizia mechi ya kwanza ikichezwa. Msimu ukifutwa ile kumi inahamia kwenye kadi ya NBA, ukifupishwa anapunguza kwa idadi ya mechi. Kwa hiyo msikubali kulipa thelathini yote hata kama mtu anawaambia viti vinaisha, haviishi. Kadi ya NBA mnaweza kulipa yote bila wasiwasi, mkataba wao wa 2023 unaenda mpaka msimu wa 2029-30, na kama kuna upande utaamua kujitoa mapema ni baada ya msimu wa 2028-29.

Yanayotakiwa kurekebishwa yapo. Choo ni kimoja na taa yake hafifu, kwa mabinti wanaokuja usiku hiyo haikubaliki, nimemwambia na nitaendelea kumwambia. Turubai la upande wa mashariki limechanika, mwezi wa sita na wa saba ule upepo wa Dodoma unaingia mpaka kwenye mifupa. Viti vya plastiki vya nyuma vingine vimepasuka vinabana nguo. Na kuna kikundi cha wakaka wanaopenda kuongea juu ya miili ya wachezaji wanawake badala ya mchezo, Anko amewatoa mara moja, awatoe tena wakirudia.

Krismasi hii ya 2025 NBA wana mechi tano na ya kwanza, Cleveland na New York, inaanza saa mbili usiku kwa saa zetu, ni ile nafasi adimu ya kwenda na watoto bila kukesha. Nilimwambia Anko kwamba 2011 msimu ulianza siku hiyohiyo ya Krismasi baada ya lokauti kuvunjika, akasema basi mwaka huu mishikaki nusu bei kwa watoto. Viti vya mbele upande wa kulia ndo vizuri, feni inafika na nguzo haikuzibi. Kwa wanaotaka kutanguliza ile elfu kumi ya wanawake, mimi nimeshatoa yangu, daftari analo mwenyewe mlangoni, hakikisheni ameandika jina na tarehe mbele yenu.