RAM ya kompyuta ya 1998: nilivyohudumiwa Kibuye

Kompyuta yenyewe ni Pentium II ya 400 MHz, niliyoachiwa na mjomba aliyekuwa akiwapigia watu chapa barua hapa Kisumu. Ina Windows 98 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya 64 MB. Nikifungua programu mbili kwa pamoja, diski inaanza kusaga kama kinu cha posho.

Kwanza niliagiza RAM kwa muuzaji wa mtandaoni. Ilikuja SDRAM, aina ya RAM ya mashine za enzi hizo, ya pini 168, mapengo mawili kwenye meno, ikaingia kwenye sloti bila kulazimishwa. Lebo inasema 256 MB. Kuwasha, inasoma 128. Nikaitoa, nikasugua meno kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. 128 tena. Muuzaji akaniambia madabodi (bodi kuu ya kompyuta) imezeeka, kisha akaacha kushika simu.

Jumapili nikaibeba RAM hiyo mpaka soko la Kibuye, kwa kijana anayeuza vipuri vya kompyuta za mitumba. Aliigeuza mara moja tu.

"Chipu nane upande huu, upande ule hakuna kitu. Mwalimu, madabodi yako si ni ya 440BX?"

Ndiyo.

"Basi hii itakuonyesha nusu siku zote."

Hesabu yake ni hii. Chipu nane zikitoa 256 MB, kila moja imebeba 32 MB, yaani megabiti 256 (MB moja ni megabiti nane). Chipseti ya 440BX, yaani sehemu ya madabodi inayosimamia RAM, inajua chipu za megabiti 128 kwenda chini, kwa hiyo nusu ya kila chipu haiioni. Inayotakiwa ni 256 MB yenye chipu kumi na sita, nane kila upande. Lebo ni ileile, na bei karibu ileile. Hilo peke yake lilinilipa nauli.

Akamwaga mkebe wa Kimbo uliojaa RAM juu ya gunia, akaanza kuchagua kama mtu anayepembua maharagwe. PC66, RAM za kasi ya 66 MHz, aliziweka kando kwa sababu basi ya mashine yangu (njia ya data kati ya prosesa na RAM) ni 100 MHz. PC133, ya 133 MHz, akasema haina neno, itashuka yenyewe hadi 100. Nikalipa shilingi 700, nikafika nyumbani, nikaona 320 MB zote. Alikuwa ameshanionya nisipite 512, kwa kuwa Windows 98 huanza visirani hapo.

Sasa malalamiko. Ule mkebe! Chipu zinasuguana humo bila hata kipande cha mfuko wa kuzuia umeme tuli, na RAM niliyopewa ilitoa makosa mekundu kwenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku uleule. Aliibadilisha bila ubishi, nakiri, lakini risiti hakuna, na bila sura yako kukumbukwa sijui ungemdai vipi.

Na kwa mashine za zamani zaidi ya hapo hana uhakika. Nilimwomba RAM ya Pentium ya kwanza, ile ya SIMM (vibao vya RAM vya kizamani) za pini 72, akaniuzia moja. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka: SIMM hiyo ina biti 32, na Pentium inasoma biti 64 kwa mkupuo, kwa hiyo zinaingia mbilimbili. Moja peke yake haiwashi kitu. Iko mezani hapa, nimeifunga kwenye gazeti. Jumapili narudi kumtafutia pacha wake, kama bado yumo mkebeni.