Usafi 10,000: yaliyonikuta kliniki na mbwa wangu anayetapika

Naanza na risiti, maana ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Mstari wa kwanza, kumwona daktari. Wa pili, sindano. Wa tatu umeongezwa kwa mkono, kalamu nyekundu: Usafi, 10,000. Elfu kumi hiyo ni ya matapishi ya mbwa wangu kwenye marumaru yao. Matapishi ambayo nilideki mimi. Kwa mikono yangu, tena kwa dekio nililoelekezwa na dada wa mapokezi bila hata pole.

Mbwa anaitwa Kamanda. Wa kienyeji, rangi ya andazi lililoungua, nilimchukua kwa jirani hapa Tabata akiwa wa wiki saba hivi, nikijua nimepata mlinzi. Watu wananicheka kwa jina hilo, maana Kamanda sasa ana miezi minne au mitano na mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Tangu aache ziwa na kuanza ugali, haijapita siku hajatapika. Mara mbili, mara nne. Anakula kwa pupa, anazungukazunguka uani, baada ya muda kidogo vyote viko chini. Kisha anavila tena, mnisamehe mnaosoma mkiwa mezani.

Mara ya kwanza kumpeleka sikuwa na neno. Daktari ni mtu mzima, miwani imeshuka puani, akambonyeza tumbo akasema minyoo. Na kwa mbwa mdogo hapo ndipo pa kuanzia kweli, kwa sababu minyoo anaweza kuipata kwa mama yake tangu hajazaliwa, na mingine akaipata kwenye maziwa. Akapewa dawa, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika, tukarudi nyumbani. Minyoo ilitoka, siwezi kuwadhulumu kwa hilo. Kutapika kukabaki palepale.

Mara ya pili sindano ileile. Nikauliza kuhusu parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, maana ndiyo inayotutisha wote. Mtaa wa pili mtu alizika watoto watatu wa mbwa ndani ya juma moja. Mzee akaniambia angekuwa na parvo angekuwa amelala chali, anahara damu, hataki hata maji, na huyu anataka kula mpaka kamba niliyomfungia. Hapo nako alikuwa sahihi. Mnaona inapouma? Angekuwa hajui kazi ningeshasahau. Akasema nimpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mafuta. Nikatii. Kamanda akala kuku kuliko wanangu. Akamtapika kuku.

Mara ya tatu ndiyo ya dekio.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Akaingia mama mmoja na German Shepherd amechanwa manyoya yanang'aa, akapitishwa moja kwa moja. Sikusema kitu. Mfukoni nilikuwa na wali kwenye kimfuko, nikampa Kamanda kidogo ili atulie, na hilo kosa langu nalikiri. Haikupita muda akainamisha kichwa. Sasa hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Tumbo halikubana. Hakuguna, hakujikamua, ile sauti ya mbwa anayetapika haikuwepo. Alifungua mdomo tu kama mtu anayetema mate, wali ukateleza ukadondoka. Mrefu, umbo la soseji, punje nzimanzima, umevaa ute mweupe. Hakuna nyongo ya njano, hakuna harufu ya kuchacha.

Daktari akatoka chumbani muda huohuo. Akautazama ule wali. Akainua suruali kidogo, akauruka.

"Mbwa wa kienyeji hana mambo mengi," akasema akipita. "Huo ni ulafi. Mpunguzie chakula."

Mpunguzie! Mbwa anayefanana na fremu ya baiskeli.

Na yule dada, macho yako kwenye simu: "Kaka, dekio liko nyuma ya mlango." Nikadeki. Mpaka leo sijui kwa nini nilideki, labda ni malezi. Kamanda akachomwa sindano ya tatu, nikapewa risiti, nikaisomea kwenye bajaji. Nilitaka kumwambia dereva ageuze. Sikumwambia, na hilo nalo limenikaa.

Siku zile mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Tanga. Mbwa hataki hata amsogelee, akipita anakusanya kanga. Lakini anakaa barazani kutwa, na mtu anayekaa barazani haoni kidogo. Jioni moja akaniita.

"Baba, huyu mbwa mnasema anatapika?"

"Ndiyo mama, hata sindano haizuii."

"Hatapiki huyu. Anacheua. Mtoto mkimlaza na maziwa yako kooni si hufanya hivyo hivyo?"

Akarudi kwenye mchicha wake.

Anacheua! Neno tunalo, kila aliyelea mtoto analo, na mimi kwa miezi miwili nimekuwa nikitamka kutapika, kutapika, na daktari anaandika kutapika. Nikawasha simu nikamrekodi Kamanda akila, mpaka chakula kilipomrudia.

Nikarudi na ile video. Mzee akasema yeye anatibu mbwa, hatibu simu. Sawa. Nje pale, karibu na bomba, alikuwepo kijana wa mafunzo kwa vitendo, amevaa gambuti kubwa kuliko miguu yake, anaosha vizimba. Sijui alisikia nini kupitia dirishani. Akanifuata getini. "Shikamoo kaka, naomba niione." Akaitazama mara mbili. Akaniuliza maswali mawili tu, ambayo kwa sindano tatu hakuna aliyeniuliza: tumbo linabana kabla? Na lilianza alipoanza chakula kigumu? Akaniambia nisilipie sindano nyingine, nikampige picha ya eksirei kifuani, hospitali nyingine, wao pale hawana mashine. Na alinong'ona, maskini, kama mtu anayeuza kitu cha magendo.

Picha ikatoka. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, limetanuka na kulegea kama soksi iliyokufa mpira. Chakula kinakaa humo, tumboni hakifiki, akiinamisha kichwa kinarudi. Zile sindano zilikuwa zinalituliza tumbo ambalo halikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana alikuwa anakula kama kichaa: mbwa alikuwa na njaa, siyo ulafi. Daktari wa huko akanieleza pia kitu kilichonitoa jasho, kwamba chakula kikirudi vibaya kinaweza kuingia kwenye mapafu akapata nimonia, na nimonia hiyo ndiyo huwaua wengi wenye tatizo hili. Mwingine huzaliwa nalo. Na sasa chekeni na mimi kidogo: moja ya aina za mbwa zinazojulikana sana kwa tatizo hili ni German Shepherd. Yule aliyepitishwa mbele yetu.

Dawa ya kulirudisha umio lake haipo. Kuna kulishwa wima. Ameniambia wengine hupata nafuu wakikua, wengine huishi hivyo hivyo. Fundi seremala amenitengenezea kitu kama kiti cha mtoto, Kamanda anakaa mgongo wima, miguu ya mbele juu, anakula ugali laini uliofinyangwa vidonge, halafu namshikilia hivyohivyo dakika ishirini. Kuna watoto wa mtaani huja kumwangalia. Mara nne kwa siku. Nimechoka, ila mbavu zimeanza kujificha, na wiki hii amerudisha mara moja tu.

Haya, nyota za kuipa kliniki hii. Nilipoanza kuandika nilishaamua ni moja. Nilipofika kwa yule kijana nikasema hapana, ziwe tatu, maana naye ni wa kwao na bila yeye huenda leo ningekuwa nachimba shimo nyuma ya choo. Tena mzee mwenyewe, nikitulia, kuhusu minyoo na parvo hakunidanganya. Bei zao ni za kawaida. Wanafungua mpaka Jumapili.

Lakini nimeiangalia tena risiti. Kalamu nyekundu. Yaani kuna mtu alisimama, akatafuta kalamu nyingine, akaandika Usafi, wakati maji ya dekio hayajakauka kwenye viatu vyangu. Na jibu la ugonjwa lilikuwa pale chini kwenye marumaru, mzee akaliruka, mimi nikalifuta. Moja. Na hiyo moja ni ya kijana wa gambuti, msigawane.

Jana wamenitumia ujumbe: "Mpendwa mteja, Kamanda anatakiwa kurudia chanjo." Na ni kweli anatakiwa, na kliniki nyingine ni mbali, na kwenye daladala chakula kitamrudia. Itabidi nimpeleke kwao. Dekio nabeba la kwangu.